Isao Momose na Kitufe cha Kushoto

Kazi yangu ni kupeleka masanduku ya dawa majumbani. Naliacha sanduku kwako, naenda zangu, na nikirudi baada ya miezi kadhaa nalifungua, naona ulichotumia, unalipia hicho tu, nalijaza tena. Ni kazi ya zamani na tumebaki wazee wachache. Ila ina jambo lake: ukifungua sanduku la mtu, unamjua. Vidonge vya tumbo vikiwa vimekwisha, mwenye nyumba ana wasiwasi. Plasta za mgongo zikiwa zimekwisha, kuna mtu analima peke yake. Unajua, unafunga sanduku, unauliza habari za theluji.

Isao Momose wa kijiji cha Kuzunuki alikuwa mteja wangu tangu mkewe angali hai. Mtu mrefu, mkimya, mwenye pua ndefu iliyochongoka, na kijiji kizima kilijivunia pua hiyo kama vijiji vingine vinavyojivunia hekalu. Maana wakati wa mavuno ya chai Isao ndiye aliyesimama kwenye mlango wa kiwanda cha ushirika. Wakulima wanashusha magunia ya majani mabichi, yeye anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi ya majani, anayapeleka puani, anafumba macho. Kisha anasema: daraja la kwanza. Au la pili. Au la tatu, na hapo mtu anarudi nyumbani hataki kuongea na mkewe. Majani ya daraja moja yanachanganywa, yanapitishwa kwenye mvuke pamoja, na kila mtu anapata fungu lake kwa daraja alilopewa. Kwa hiyo mwaka wa mtu ulining'inia kwenye pua ile.

Hakuna aliyebisha, isipokuwa Hachiro Sugimura. Hachiro alibisha kila mwaka. Wawili hao walikuwa wakigombana tangu shuleni, na sidhani kama wenyewe walikumbuka walichogombania. Isao alimpa la pili, Hachiro akasema pua hiyo ipelekwe kwa fundi, wakaachana hadi mavuno mengine.

Sasa, majira ya baridi ya mwaka juzi Isao alishikwa na homa. Ilipomwacha, iliondoka na harufu zote. Hakusikia tena supu, wala udi mbele ya picha ya mkewe, wala chai. Nilijua bila kuambiwa. Kwenye masanduku yetu kuna vidonge vyeusi vya tumbo vinavyonuka kiasi kwamba watoto hukimbia chumbani nikifungua kichupa. Siku nilipofika kwake baada ya homa, Isao alichukua kimoja akakitafuna mbele yangu kama karanga. Nikamtazama. Akanitazama. Nikamuuliza habari za theluji.

Baadaye mwenyewe alinieleza. Kila mwezi alipanda treni kwenda hospitali kubwa Shizuoka, akawaambia majirani anakwenda kumwona binamu. Daktari wa huko alimpa dawa, akamwambia harufu huenda itarudi, huenda isirudi. Zahanati ya kijijini ilikuwa karibu na nyumba yake, lakini pale mapokezi alikaa Chizuru, mke wa mtoto wa Hachiro. Isao aliamini kwamba akijua Chizuru mchana, jioni Hachiro atakuwa analila jambo hilo na wali.

Na mavuno? Mavuno aliyasimamia vilevile. Alitumbukiza mkono, akapeleka majani puani, akafumba macho, akataja daraja. Mwaka mzima. Watu wakapokea.

Ndipo zikaja kadi mpya za bima ya afya. Tuliambiwa habari zote za mtu, dawa zake na vipimo vyake, zitakaa mahali pamoja, na daktari yeyote nchini ataweza kuzifungua. Wengine walifurahi. Isao hakupata usingizi: sasa hata habari za Shizuoka zingefika mezani kwa Chizuru. Pale zahanati iliwekwa mashine mezani: unaweka kadi, inakutazama uso, kisha inakuuliza unakubali daktari aone matibabu yako ya nyuma. Kulia kukubali, kushoto kutokubali. Maandishi yake makubwa kama ya bango la duka la samaki, kwa kutuhurumia sisi wazee, kwa hiyo hata aliyekaa mwisho wa benchi anasoma.

Mwanzo wa majira ya kuchipua Isao alikwama mgongo. Treni ya Shizuoka hakuiweza. Akajikokota hadi zahanati, akavaa sapatu za wageni, akasimama mbele ya mashine. Nyuma yake palikuwa na watu, na wa mbele kabisa alikuwa Bi Fusae muuza tofu, ile jibini ya soya. Swali likatokea. Isao akasita.

"Bonyeza cha kulia tu mjomba," Chizuru akamwambia kwa upole. "Wote wanabonyeza hicho."

"Na cha kushoto?"

"Cha kushoto ni kukataa. Hakuna anayekataa."

Bi Fusae akamgusa bega. "Isao, hiyo mashine si kioo. Umeshapendeza, tupishe."

Watu wakacheka. Kwetu kuchelewesha foleni ni aibu, na wengi wetu tungebonyeza chochote ili tu wa nyuma wasitazame saa. Isao aliniambia masikio yalimwaka. Alimtazama Chizuru, akaona ndani yake uso wa Hachiro. Akabonyeza cha kushoto.

Benchi zima likainua macho. Chizuru akainamisha kichwa, akasema asante, tafadhali keti. Hakuongeza neno.

Hakukuwa na haja ya neno. Kabla tofu ya Bi Fusae haijaisha kwenye beseni, kijiji kilikuwa kinajua kwamba Isao Momose ana kitu cha kuficha. Wakaanza kutafuta kitu chenyewe. Mjane anayepanda treni kila mwezi kwenda mjini, hana mizigo, harudi na zawadi: wanaume wakasema ni ugonjwa wa mambo ya usiku, wakamwonea wivu kidogo. Wanawake wakasema ni kichwa, anapotewa na akili. Mwishowe ikashinda saratani, kwa sababu amekonda, na kwa sababu saratani ina heshima.

Isao angeweza kukana. Lakini akikana hilo, wataulizia lingine. Akanyamaza. Vitu vikaanza kuja mlangoni. Figili, mayai, maharage matamu, chupa ya pombe ya mchele. Binti yake akapiga simu kutoka Nagoya akilia, na Isao akamwambia mambo si mabaya hivyo, maneno ambayo yalimliza zaidi.

Kisha akaja Hachiro mwenyewe, amevaa koti la misibani, amebeba samaki aina ya mkunga, wa kuchoma, kwenye boksi, bado wa moto. Alikaa ukumbini kwa magoti. Alizunguka sana, akasema habari za mvua, za nguruwe mwitu waliong'oa miche, halafu akafika.

"Maneno yangu ya miaka yote kuhusu pua yako," akasema, "yafute. Ulikuwa unaona sawa. Chai yangu ni ya daraja la pili. Nilikuwa na kiburi tu."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kutokea, na Isao aliuona. Aliniambia alifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni: "Usijali, bwana." Akala mkunga mbele yake, kipande kwa kipande, akausifu mchuzi. Mdomoni ilikuwa kama anakula kitambaa chenye maji. Hachiro akaenda zake amefurahi, na Isao akabaki ameshika vijiti. Tangu siku hiyo alipita njia ya nyuma ili asikutane na mtu.

Nilifika Kuzunuki na mzigo wangu siku za mavuno ya kwanza. Nyakati hizo hakuna mtu nyumbani, kwa hiyo huwa naenda kukaa kiwandani, nawangoja wateja wangu penye moshi na kelele. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo zahanati hufungwa mchana, na Chizuru alikuwa amekuja kusaidia kushusha magunia ya nyumbani kwao. Watu walikuwa wamemwekea Isao kiti. Mtu kama yeye asisimame. Hakukikalia.

Likaja gunia la Hachiro. Isao akatumbukiza mkono, akatoa konzi. Majani yalikuwa mazuri kwa macho, laini, yanang'aa. Akayapeleka puani, akafumba macho kama siku zote. Akafumbua.

"La kwanza," akasema.

Hachiro akafumba mdomo kwa nguvu, kama mtu anayezuia chozi. Alidhani ni zawadi ya mtu anayekufa. Nami nadhani ilikuwa ni malipo ya mkunga.

Vijana wakalishika gunia kulipeleka kwenye mvuke, ambako majani ya la kwanza ya watu wote yalikuwa yanangoja. Chizuru, aliyekuwa amesimama karibu, alirudi nyuma hatua moja na kukunja pua. Kidogo tu. Akamtazama mzee, akatazama chini. Adabu ilimziba mdomo. Lakini Isao alikuwa ameiona ile pua ikikunjika.

Angeweza kusema, ngojeni, niangalie tena, akajifanya amegundua. Nilimwona akilifikiria. Kisha akatwaa konzi nyingine, akatembea nayo hadi kwa Hachiro, akamwinulia mkono mbele ya uso.

"Ninusie," akasema.

"Ni nini?"

"Ninusie, Hachiro. Mimi sisikii harufu."

Hachiro akainama, akanusa. Akarudisha kichwa nyuma. "Petroli," akasema. "Ni ile mashine ya kuchumia. Inavuja." Akawakimbilia vijana, akawanyang'anya gunia. Lingeingia kwenye mvuke, chai ya kijiji kizima ingenuka kama karakana, maana chai hunywa kila harufu iliyo karibu.

Mtu akazima mkanda unaobeba majani.

"Tangu lini?" Hachiro akauliza.

"Ile homa. Si ya mwaka huu. Ya kabla yake."

"Basi huna saratani."

"Sina. Sikuwahi kusema ninayo."

"Hukusema huna."

"Sikusema."

Hachiro akafikiri. "Mwaka jana," akasema polepole, "uliponiweka la pili. Ulinusa nini?"

Isao alikuwa bado ameshika yale majani. "Sikunusa kitu," akasema. "Niliangalia gunia ni la nani."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Kila mtu pale alikuwa anahesabu moyoni daraja lake la mwaka jana, na waliopewa la kwanza nao waliinamisha vichwa. Hachiro akacheka kicheko kikavu.

"Miaka yote nadhani nagombana na pua," akasema. "Kumbe nagombana na jina langu. Na mkunga je, alikuwa na ladha?"

"Hapana."

"Ghali yule."

Hakuna aliyemwambia Isao aondoke. Alivua mwenyewe aproni ya ushirika, akaitundika kwenye msumari, akatoka. Nilimfuata bombani, alikokuwa ananawa mikono isiyo na uchafu. Chizuru akaja nyuma yetu, akasimama mbali kidogo.

"Mjomba," akasema, "hata ungebonyeza cha kulia, nisingesema. Ya kazini naacha kazini. Nyumbani baba mkwe ananiita bubu."

Isao aliendelea kunawa hadi yule mwanamke alipoondoka. Aliniambia hilo ndilo lililomkata kuliko yote: kwamba yule ambaye yeye alimwogopa ndiye pekee ambaye hakumsema.

Nilirudi majira ya majani kuanguka. Mlangoni pa kiwanda sasa wananusa watu watatu kwa pamoja, na wanabishana sana. Hachiro ni mmoja wao. Isao anapita njia ya mbele, anasalimia kwanza, anajibiwa, si zaidi. Fungu lake la chai hakwenda kulichukua, na hakuna aliyempelekea.

Mguu ulikuwa unanisumbua, nikaenda naye zahanati. Pale kwenye mashine Chizuru alikuwa ametundika pazia la kitambaa cha buluu, lililokatwa kutoka kwenye yukata ya zamani, lile vazi jepesi la kiangazi, refu kiasi cha kufunika kichwa na mabega. Hakumwambia mtu limewekwa kwa ajili ya nani. Isao alilitazama, akapata wekundu hadi shingoni, nusura ageuke arudi nyumbani. Bi Fusae alikuwa kwenye benchi na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote.

Akaingia chini ya pazia. Alikaa humo kitambo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kabisa, naona miguu yake tu ndani ya sapatu, vidole vimejikunja. Alibonyeza kipi sikuona, na alipotoka nilimuuliza habari za theluji.