Mawese ya Bunduki ya Opio

"Mawese ni ya kupika sombe, afande. Haiko ya bunduki," Consolée alisema, na akafunika jerikani na mkono.

Consolée ni mama wa Butembo, anauza mafuta, sabuni na vitu kidogo kidogo hapo soko ya Mpondwe. Alikuwa ameshamuwekea Opio kila kitu kwa meza: mswaki mugumu wa kusugua, kitambaa ya shati ya zamani, kamba ya kuvuta kitambaa ndani ya mtutu, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Askari wote wa Bwera wananunua hiyo tu, na hakuna mutu amerudi kulalamika. Opio alichukua mswaki, kitambaa na kamba. Mafuta ya cherehani akaisukuma pembeni. Alisema iko nyepesi kama maji, haing'arishi kitu.

Huyu Opio ni mutu wa kaskazini, alikuwa jeshini mpaka magoti ikakataa. Sasa ni askari wa kampuni ya ulinzi, analinda stoo ya kahawa hapo Bwera, bunduki ya kampuni kwa bega. Anafundisha watu mambo ya silaha, hata kama wewe ulimuuliza saa tu.

Wiki hiyo hoteli moja ya Nyakalengija ilikuwa inataka askari mmoja. Huko wageni wa kupanda mlima wanapita, kuna chakula ya bure na hewa nzuri. Mugisha, bosi wa kampuni, alisema atapeleka yule mwenye bunduki safi kuliko zote, na ukaguzi itakuwa huko huko hotelini, asubuhi. Opio alitaka hiyo kazi sana. Vumbi ya kahawa ilikuwa imemuingia kifuani, mpaka mke wake Apio anasema anakohoa kama lori ya Kongo inapanda mlima.

Basi akabishana mpaka Consolée akachoka, akamuuzia mawese, na Opio akaipaka bunduki yote, inje na ndani. Kwa jua ya Bwera ile bunduki iling'aa nyekundu, watu wakakuja kuiangalia. Consolée naye aliiangalia, akasema iko muzuri, sasa aweke chumvi.

Lakini mawese inapenda joto. Ukiiacha kwa baridi inaganda, mpaka uweke chupa karibu na moto ndiyo ikubali kutoka. Opio anakula mawese kila siku, ila yeye anaijua ikiwa kwa sahani tu. Na Nyakalengija asubuhi, baridi inashuka na mlima.

Siku ya ukaguzi wakasimama mstari hapo hotelini, askari wanne. Mugisha alipofika kwa Opio akavuta kile chuma ya kufungulia bunduki ili aangalie ndani. Ikaenda nusu, polepole, ikalala hapo. Kidole yake ikatoka na kitu nyekundu nzito. Akanusa.

"Opio, hii ni silaha ama ni chakula ya mchana?"

"Iko safi, afande."

"Iko safi. Lakini haiwezi kupiga hata kuku."

Wale watatu wakaangalia chini, mabega inacheka. Ninsiima, yule madamu wa hoteli, alikuwa hapo na kikombe ya chai. Akauliza kama kweli haiwezi kupiga. Mugisha kwa aibu akasema leo hapana.

"Basi nipatie huyu," Ninsiima akasema. "Wageni wangu wanaogopa bunduki, mmoja alikataa hata kutoka kwa chumba. Na hiyo kitu urudi nayo Bwera."

Hivyo Opio akashinda. Wale wa mafuta ya cherehani wakarudi kwa vumbi na bunduki zao safi, na yeye akapewa tochi, filimbi na sweta ya kijani. Lakini akamfuata Mugisha mpaka kwa gari, anaomba aachiwe bunduki hata bila risasi, ikae tu kwa bega.

"Afande, sasa wageni watajua namna gani kama mimi ni askari?"

Mugisha akamwambia apige filimbi, akafunga mlango.

Opio alikuwa bado anaeleza dirisha wakati gari ya wageni iliingia na mizigo juu. Ninsiima akamuita. Akavuta sweta chini kwa tumbo, akaenda kubeba mabegi.