Mwanafunzi Aliyefuta Majibu Sahihi

Mimi ni mtu wa kusoma ujumbe mara tano kabla ya kuutuma, kwa hiyo naomba mnicheke taratibu.

Mradi wetu wa utafiti unawafundisha hesabu wachuuzi wa soko la Owino kwa programu ya simu inayompa kila mwanafunzi masomo yanayomfaa. Majina yamefichwa, naona namba tu. Mwanafunzi mmoja alinitia huruma. Kila asubuhi aliandika jibu sahihi, akalifuta, akaweka lenye makosa, kisha akarudia lile la kwanza. Nikaandaa mada nzima juu yake, nikitumaini Dakta Akello, msimamizi wangu, angeniongezea muda wa mkataba unaoisha mwezi huu.

Jana niliiwasilisha mbele ya watafiti na wachuuzi wenyewe.

"Huyu anateseka," nilisema kwa uchungu. "Labda ana mume mkali nyumbani."

"Banange, maskini!" akalia Mama Hamida, muuza mitumba.

Dakta naye akaguswa. "Musa, mwandikie neno la kumtia moyo. Simu yake itamsomea kwa sauti."

Nikaandika, nikatuma. Sauti ikatoka mfukoni mwangu: "Usiogope, rafiki. Jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi."

Ndipo nikakumbuka ni nani anayeyajaribu maswali kila asubuhi kabla hayajafika sokoni.

"Pole, mwanangu," akasema Mama Hamida, Dakta akiwa ameinamia meza kwa kicheko. "Na huyo mume mkali ni nani?"