Kidole cha Mchapishaji Picha

"Mjomba, mbona unalamba kidole kabla ya kugusa karatasi?" nilimuuliza mchapishaji picha wa mtaani kwetu nikiwa darasa la tatu.

"Ukikua utajua."

Juzi, mwaka wangu wa mwisho sekondari, mimi na mama tulimpelekea picha ya bibi ya rangi nyeusi na nyeupe aichape, iwe zawadi ya bibi kutimiza miaka tisini kesho yake. Karatasi nene isiyong'aa, ile inayotunza weusi, ilikuwa imebaki moja tu. Alilamba kidole, akagusa kona, akaigeuza, akagusa tena, kisha akaiingiza kwenye printa huku akiimba puani. Bibi alitoka na mikunjo yake yote. Nikarudia swali langu.

"Upande unaoshika wino hunatanata ukiguswa na kidole chenye mate. Picha ya harusi yangu niliichapa upande wa nyuma, tukatoka kama tumenyeshewa mvua. Mama watoto kaitundika sebuleni, nisijisahau."