Tulivyoupokea Moyo wa Mama

Heri niisimulie mwenyewe, maana mkiisikia kwa ndugu zangu wa Louisville mtadhani nilikuwa mlevi, na aibu yangu naitaka ikiwa na chumvi niliyoitia mimi, si ya jirani.

Mama alikuwa amelazwa hapa Columbus akisubiri moyo wa mtu mwingine, na siku ulipopatikana daktari alitueleza kwamba zamani mioyo ilisafirishwa kwenye barafu, imelala, lakini huu unakuja na joto lake, ndani ya mashine inayousukumia damu, unapiga njia nzima kana kwamba bado uko kifuani mwa mwenyewe. Mimi (mwandishi wa riwaya, mniombee) nikajiambia: kinachopiga ni hai, na kilicho hai ni mgeni, na kwetu mgeni hapiti bila kupokewa. Nikawapigia simu wanakwaya wa kanisani.

"Bon, mugeni kama huyu ataingia kimya kama mwizi?" alisema Mama Furaha, kiongozi wao, mzaliwa wa Uvira, Kongo, asiyeacha kuchanganya Kifaransa.

Wakaja na sare zao kutoka Reynoldsburg, kitongoji cha hapa jirani, tukatandika vitenge kuanzia mlango wa lifti, nami nikashika simu kuwarushia moja kwa moja ndugu wa Louisville na mjomba aliyeko Buffalo. Lifti ikafunguka, akatoka mwanamume anasukuma sanduku jeupe la magurudumu. Vigelegele. Mama Furaha akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya sanduku, akakiondoa kama aliyeungua.

"Baridi," akaninong'oneza. "Donc, umekufa."

Swali moja tu lingetosha. Badala yake nikagusa, nikahisi barafu, nikaliona kaburi la mama yangu, nikapiga ukunga mbele ya kamera, na kwaya nzima ikaangua kilio juu ya vitenge. Kule Louisville, mtaani kwao Beechmont, wakaanza kutoa makochi sebuleni kwa ajili ya matanga. Mjomba akasema, "Nashika njia," akakata simu.

Yule mwanamume akafungua kifuniko taratibu. Aiskrimu, ya mkahawa wa hospitali. Akatupa pole, akauliza kama tungependa ya vanila.

Muuguzi akaja mbio: moyo ulishapitia mlango wa nyuma, unapiga vizuri, mama yuko mikononi mwa madaktari, na tafadhali tupunguze sauti.

Mjomba alifika na suti ya msiba, hakubeba nguo nyingine, akabaki nayo hadi mama alipozinduka, akamtazama kaka yake, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani amekufa?"

Alikuwepo aliyekufa, mwenye moyo ule, ila jina lake hatukupewa.

Basi nichekeni. Mtu yule alililiwa na kwaya nzima, ukumbini, kwa machozi ya kweli, na sitaomba radhi kwa hilo. Naapa sitalia tena kabla ya kuuliza. Lakini vitenge nitatandika, kwenye mlango wowote watakaonionyesha.