Sensa ya Gari la Mwalimu Mkuu

Mjomba wangu gereji nzima ilimwita Kiganja, na jina hilo hakupewa kwa dharau. Alikuwa fundi umeme wa magari, na kila chenye joto alikipima kwa kiganja cha mkono wa kulia. Waya ukiwa na shoti mahali, fundi mwingine angefungua dashibodi nzima. Yeye alipitisha mkono taratibu, kama mtu anayempapasa paka, halafu anasimama. "Hapa. Panachemka." Unafungua pale pale, unakuta waya umeiva.

Tulipokuwa watoto tukisingizia homa, mama hakuhangaika na kipimajoto. Alimwita kaka yake. Anakuwekea mkono kwenye paji la uso, anafumba macho kidogo, anatoa hukumu: "Huyu mzima kama kengele. Mpeni daftari lake." Mkono ule umenipeleka shule mara nyingi kuliko miguu yangu, na bado shule tulishindwana.

Gereji ilikuwa uwanja wa changarawe nyuma ya maghala, nusu ina bati, nusu ina jua. Mimi nilikuwa napiga rangi upande wa ukutani. Meza yake ilikuwa karibu na lango, imejaa fyuzi, vipande vya waya na mita yenye kioo kilichopasuka. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo saa nne hivi mkewe, mimi namwita anti, alivuka na chupa ya maji ya moto, majani ya chai na maneno yake. Nikinusa tina ya kuchanganyia rangi mpaka leo naisikia sauti yake: "Nyie wachafu, naweni!"

Kulikuwa na desturi moja pale. Gari likitengenezwa kiyoyozi, mteja haondoki mpaka Kiganja aweke mkono kwenye tundu la hewa na kusema, "Imekubali." Hata gari likiwa limetengenezwa na fundi mwingine. Wateja walikuwa wanagoma kabisa: "Kiganja ameshika? Hajashika? Basi gari bado."

Siku ninayoisema, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani aliingia na gari lake, madirisha yote chini, jasho linamtiririka.

"Fundi, kiyoyozi kimekufa. Halafu tazama maajabu hapa kwenye dashibodi."

Tukachungulia. Kipimo cha joto la nje kimeandika arobaini chini ya sifuri. Jua la siku ile lilikuwa linakaanga changarawe.

"Mwalimu," mjomba akasema, "shuleni kwako mmeanza kufundisha kwenye jokofu?"

"Nicheke tu. Jana nimempakia mama yangu kutoka kliniki, karibu azimie humu ndani."

"Kiyoyozi chako kizima. Gari limedanganywa. Linaamini nje kuna barafu, sasa liwashe baridi ya nini? Lina akili kuliko watu wengi. Nenda ukafundishe, urudi mchana."

Alilala chini ya bampa ya mbele akaitoa sensa yenyewe. Kitu kidogo, kichwa chake kama punje ya haragwe, kimening'inia kwenye waya wake nyuma ya bampa. Soketi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mita ikaonyesha sensa imekufa kabisa. Muuza spea za mtumba akamletea tatu za aina ile ile, hajui ipi nzima ipi mbovu.

"Anti yako akija nitazipima kwa maji yake," mjomba akaniambia. "Sensa nzima ukiitia kwenye maji ya moto, namba kwenye mita inashuka. Ukiitoa, inapanda. Mbovu inakutazama tu kama mkwe."

Anti alipofika, mjomba akamwomba maji ya chai kabla hajatia majani. Maji yalikuwa yametoka jikoni muda ule ule, mvuke unapanda kwenye kikombe cha bati. Mimi nikashikilia mita. Sensa ya kwanza, namba haikutikisika. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilikuwa na waya mfupi, kwa hiyo aliishika kwa ncha za vidole akaizamisha.

"Inashuka?" akauliza.

"Inashuka, mjomba! Inashuka kweli!"

"Sema imefika ngapi."

Nilikuwa naitazama mita. Anti ndiye aliyekuwa anatazama kikombe.

"Toa mkono."

"Subiri kidogo, mke wangu, bado—"

"Toa mkono kwenye maji!"

Vidole viwili vilikuwa ndani mpaka kwenye kiungo cha pili. Akavitoa. Vilikuwa vyekundu kama vimepakwa rangi, na yeye anavitazama kama vya mtu mwingine.

"Maji yako yamepoa," akasema.

Anti akachovya kidole chake, akakirudisha kwa kelele. Akakaa kwenye tairi.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Usinichezee akili. Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Za mwaka huu?"

Mjomba akaichukua mita mkononi mwangu, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Za mwaka jana."

"Mwaka mzima nakuuliza chai ina moto, unanijibu tamu!"

Mimi nikaelewa mambo mengi kwa mpigo. Kwa nini siku hizi waya mdogo tu anachukua mita. Kwa nini anasema "Imekubali" haraka haraka, huku anamtazama mteja usoni kwanza kuona kama anafurahi.

"Asijue Bosi," akasema polepole. Alituangalia wote wawili, lakini alikuwa ananiomba mimi, maana mkewe alimjua, hanyamazishwi. Bosi, mwenye gereji, kwenye umeme hakuwa na mchezo. Alishamwondoa fundi mmoja aliyeungua mkono ukabaki ganzi, akasema asiyesikia joto hatajua waya unaungua mpaka gari la watu liwake. "Miaka ishirini na sita niko kwenye meza hii. Nikitoka hapa naenda kuwa nani? Niwe nakaa mlangoni nahesabu wapita njia?"

"Na gari la watu likiwaka na mtoto ndani?" anti akauliza.

 Akamfunga vidole kwa kitambaa cha kanga yake, hasira tupu, lakini mikono inafunga taratibu.

Tukamalizia kazi. Mjomba akasafisha soketi kwa brashi ya waya, akachomeka sensa, akaniambia niwashe. Dashibodi: arobaini chini ya sifuri. Tukazima, tukawasha. Vilevile. Akafungua tena, akapima waya mpaka ndani, mzima. Akafunga. Vilevile. Mara ya tatu akakaa chini kwenye changarawe na bampa mapajani.

"Labda na macho yameondoka," akasema. Sikuwahi kumsikia hivyo.

Mwalimu Mkuu akarudi akatukuta hivyo hivyo. "Vipi, barafu haijayeyuka?"

Mjomba akainua kichwa. Akamtazama yeye, akalitazama gari, akajipiga paji la uso kwa mkono uliofungwa.

"Sisi wajinga! Gari limesimama. Likisimama halisadiki joto la nje, linajua injini yake yenyewe inapasha bampa. Mpaka litembee lipigwe na upepo. Panda, Mwalimu. Mpwa, endesha."

Tukairudisha bampa, tukatoka, tukashika barabara kubwa. Mwalimu Mkuu nyuma, shingo mbele kama kuku. Arobaini ikapotea. Ikaja kumi na mbili. Ishirini na moja. Tulipofika kwenye mzunguko, thelathini na tatu, ikatulia. Mbele ya gari kitu kikalia tak, ile sauti ya kompresa ya kiyoyozi kushika, na hewa ikaanza kutoka.

"Haya Kiganja," Mwalimu akasema kwa furaha, "weka mkono, sema neno lako. Mimi bila hilo neno sitambui matengenezo."

Mjomba akauweka mkono kwenye tundu. Nikaona vidole vimetanuka, kitambaa cha kanga kinapepea. Ilikuwa neno moja tu. Alishalisema mwaka mzima.

Akauondoa.

"Mwalimu, huu mkono hausikii tena. Muulize huyu kijana. Yeye anasikia."

Nikaweka wangu. Baridi ilikuwa inauma.

"Imekubali," nikasema. Lilinitoka vibaya, kama nimevaa viatu vya mtu.

Tuliporudi hakungoja niegeshe vizuri. Akashuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi, akafunga mlango. Hatukusikia kelele. Alipotoka alikuwa ameshika ovaroli yake mkononi, amebaki na shati. Bosi nyuma yake amesimama mlangoni, anafuta miwani.

Kesho yake anti alimpeleka hospitali asubuhi, wakarudi na vidonge na orodha ya vitu vya kuacha, sukari ikiwa ya kwanza. Mchana nikavuka barabara kuwasalimia. Anti alikuwa amefua ile ovaroli, kama anavyofua kila wiki, ameianika kwenye kamba. Mjomba alikuwa anaishika shika mguuni.

"Imekauka?" akamuuliza mkewe.

Anti akaacha beseni, akaja akaminya pindo.

"Bado mbichi, baba."

"Haya," akasema, akavuta stuli akakaa karibu na kamba.