Macho Wazi Wakati wa Maombi

Kuna nyumba moja ambayo nikipita mji ule lazima nisimame, hata kama baiskeli yangu ya kunolea visu haijapata mteja tangu asubuhi. Ni nyumba ya mama mmoja fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake, na ukiingia kinachokushangaza kwanza ni kuta. Ukuta wa mlangoni ni wa kijani, wa pili wa njano, wa tatu umeanza bluu chini ukamalizika na rangi ya waridi juu, kwa sababu bluu iliisha njiani. Mume wake alikuwa mpaka rangi, na chochote kilichobaki chini ya kopo kwenye nyumba za watu alikileta kwake.

Mtaani mume walimwita Brashi, na mke walimwita Fundi tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine. Brashi peke yake ndiye aliyemwita Bosi. Walikutana Fundi akiwa bado anajifunza kazi kwenye duka la mtu, naye Brashi akaletwa kupaka duka hilo. Ukuta mmoja ulimchukua muda ambao mwenzake angemaliza nyumba nzima na uzio. Mwenye duka akamuuliza kama rangi ile imepangiwa kukauka mwaka ujao. Brashi akajibu kwamba ukuta una mashimo mengi. Mashimo hayakuwepo. Kulikuwa na msichana aliyekaa karibu na dirisha anapinda sketi za shule.

Alikuwa mtu wa maneno, Brashi. Akiwa juu ya ngazi anasalimiana na wanaopita chini, anawauliza habari za wagonjwa wao, anataniana na wauza mboga, huku mkono unapaka na haudondoshi tone. Mimi mwenyewe aliwahi kuniuliza kama jiwe langu la kunolea haliwezi kumsaidia kidogo dada yake kupunguza ulimi. Dada mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, na jibu alilopewa siwezi kuliandika.

Sasa asubuhi moja aliinama kuchukua kiatu, hakuinuka. Kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, ila upande wa kulia umelala, neno hata moja hana, na mpira mwembamba umepita puani kwenda tumboni, ndio wa kumlishia. Watoto wao wote wawili wanaishi mbali, wana familia zao; walikuja, wakalia, wakarudi makazini. Akabaki Fundi, na yule dada wa Brashi aliyehamia kusaidia.

Nesi ndiye aliyemweleza Fundi mambo yalivyo. Alimwambia koo la mumewe limesahau kumeza. Akipewa hata maji, yatapita njia ya hewa yaende kwenye mapafu. Kwa hiyo amkalishe wima, kidevu kiinamie kifuani, amloweshe ulimi kwa kitambaa, amsugue shingo polepole na kumwambia ameze mate yake mwenyewe. Tena na tena.

"Siku ya kliniki daktari atalipima koo," nesi alisema. "Kama bado limelala, huu mpira wa puani hauwezi kukaa siku zote. Itabidi atobolewe tumbo, chakula kipitie hapo."

Brashi alisikia. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukavuta shuka ukaliziba tumbo, halafu akageuza uso ukutani. Kila walipomtajia tena jambo hilo alifanya vile vile. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, na alikuwa amekataa. Fundi hakuhitaji kuelezwa maana yake. Koo lisipoamka, na tumbo akalikatalia, mumewe atakufa njaa akiwa amekaa kwenye kiti mbele yake.

Mimi niliingia siku hizo nikiwa sijui lolote. Nilisimamisha baiskeli mlangoni, Fundi akatoka na mkasi mkubwa.

"Karibu Babu. Umekuja wakati wake, mkasi umeanza kutafuna kitambaa."

"Na mwenzangu yuko juu ya ngazi ya nani leo?"

Alisogeza pazia lililogawa chumba. Nikamwona Brashi kwenye kiti cha mikono, mito pande zote, ameangalia mlango. Aliponitambua jicho lake moja lilicheka. Mdomo haukuweza.

Nikakaa pale kizingitini na kazi yangu. Fundi alishona mstari mmoja, akasimamisha cherehani, akaenda nyuma ya pazia kumfuta mumewe mate yaliyoshuka pembeni mwa mdomo, akamwekea vidole viwili shingoni, akangoja. Akarudi kushona. Mstari mwingine, akaenda tena.

"Wifi," yule dada mtu alisema, "ukiendelea kumshika kaka yangu shingo kila saa, watu watasema unamnyonga."

"Nasikiliza kama kikoromeo kinapanda."

"Na kisipopanda?"

"Nasikiliza tena."

"Haya. Siku nyingine mshike na sikio, labda nalo litapanda."

Alisema hivyo, lakini nilimwona amegeuka upande wa jiko akijifuta macho na ncha ya kanga.

Mchana ule kikundi cha maombi cha kanisa lao kilikuja. Kiongozi wake ni mama mmoja muuza mayai sokoni, wanamwita Mwenyekiti. Msimcheke mama huyu. Ndiye aliyefua mashuka ya Brashi tangu alipotoka hospitali, bila kuombwa. Ila ana sauti inayosikika mpaka mtaa wa nyuma, na akiomba anaomba kwa mpangilio, kiungo baada ya kiungo, kama mtu anayepakua mzigo na hataki kisahaulike kitu garini.

Walikizunguka kiti. Wakanivuta na mimi, nikasimama na mikono yangu ya vumbi la jiwe.

"Tufumbe macho wapendwa," Mwenyekiti alisema. "Leo tunaomba miguu. Tunataka Jumapili ndugu yetu aingie kanisani mwenyewe, kama yule kiwete wa kwenye Maandiko aliyejitwika mkeka wake akaenda."

Tukafumba. Alianza kwenye nyayo, akapanda vifundo, akaja kwenye magoti. Kila mtu aliitikia. Ilikuwa sala nzuri, na mimi nilikuwa ndani yake.

Fundi hakuwa ndani yake. Alinieleza baadaye. Alisema, "Nilifumba macho, Babu, nikakuta sina neno. Miguu nilishaiomba. Ulimi nilishauomba. Nimeomba mpaka naona Mungu akisikia sauti yangu anasema ni yule yule. Nikaona hata imani yangu imekwisha. Basi nikafumbua macho, nikawa namtazama tu mume wangu."

Alikuwa na kitambaa mkononi tayari. Mate yalikuwa yameshajikusanya kwenye pembe ya mdomo, aliyaona yanang'aa. Akangoja yashuke ili ayafute. Hayakushuka. Brashi alikuwa amemkodolea Mwenyekiti jicho lile lile la zamani la kutafuta utani, midomo ikajifunga, na mara kikoromeo kikaanza kupanda. Kilipanda kwa shida, kikasimama juu kana kwamba kinafikiri, halafu kikashuka.

"Amemeza," Fundi alisema.

"Amina," Mwenyekiti aliitikia, macho kafumba. "Na mapaja yake, Bwana, yapate nguvu..."

"Dada Mwenyekiti, amemeza."

"Ngoja mama, bado tuko kwenye miguu."

Dada mtu ndiye aliyeshindwa kujizuia. Cheko lilimtoka puani, na cheko la namna hiyo linaambukiza. Nilifumbua macho nikamwona Brashi mabega yanatikisika. Akapaliwa, akakohoa kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa, na alipotulia vidole vya Fundi vilikuwa tayari shingoni mwake.

"Tena," Fundi alisema taratibu. "Amemeza tena."

Mwenyekiti alifumbua macho, akamtazama Brashi, akaitazama ile miguu chini ya shuka, imelala vile vile.

"Amemeza nini?"

"Mate."

"Mate," Mwenyekiti alirudia. Hakuwa anadharau, alikuwa anajaribu kuelewa. "Mama, hata mimi nameza mate."

"Nani alikufundisha?"

Mwenyekiti alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Nikaona na yeye kikoromeo kinapanda na kushuka.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema.

"Basi na wewe ni muujiza," Fundi alimwambia. "Tumekaa na wewe miaka yote, hatukujua. Mimi nimemeza maisha yangu yote, nimemeza nikiwa na hasira, nimemeza nikiwa naongea, sijawahi hata siku moja kusema asante Bwana kwa hilo. Leo nimeliona likitengenezwa."

"Msimwambie hivyo Mwenyekiti," dada mtu akasema, "kesho hatauza mayai, atakaa sokoni watu waje kumtazama."

Mwenyekiti hakucheka. Alipiga magoti pembeni ya kiti, akaomba ruhusa kwa macho, akaweka vidole viwili shingoni mwa Brashi, kama yule mtume aliyetaka kugusa kwanza ndipo aamini. Alingoja sana. Sisi wote tulingoja, macho wazi, kundi zima la watu wazima tunaitazama shingo ya mtu. Kikoromeo kilipopanda chini ya vidole vyake, uso wa yule mama ulibadilika. Akaomba tena, lakini safari hii sauti haikufika hata barabarani. Aliomba kama mtu anayeongea na aliyekaa jirani yake.

Mimi nilikuwa niondoke kesho yake, lakini wachinjaji wa sokoni walikuwa na visu vingi, na ukweli nilitaka kujua kliniki itasema nini. Kumeza mate si kumeza chakula, nesi alikuwa amelisema hilo wazi. Kwa hiyo siku zile zilikuwa za hofu kuliko zilizopita, maana sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza. Fundi alimfanyisha mumewe mazoezi katikati ya kila vazi. Akimaliza kola, anakwenda. Akimaliza mfuko, anakwenda. Kuna mara koo lilikubali na mara liligoma kutwa nzima, na Brashi akakasirika akasukuma mkono wake. Fundi alikaa chini sakafuni akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Bwana, koo hili jana ulilipandisha, na leo ni lako." Kisha akarudi kwenye vifungo.

Habari za kliniki nilipewa na dada mtu, na kwa mara ya kwanza alisimulia kitu bila kukitia chumvi. Nesi alichota mtindi kwenye ncha ya kijiko, akamwekea ulimini.

"Meza, baba."

Hakikutokea kitu. Mtindi ulikaa pale. Daktari alikuwa amesimama nyuma na karatasi zake, hana haraka. Brashi alianza kutokwa na jasho. Ndipo Fundi akazunguka akaja mbele yake, akapiga magoti ili nyuso ziwe sawa, akafungua mdomo wake mwenyewe mtupu, akaufunga, akainamisha kidevu, akameza. Kama mama anavyomlisha mtoto, anatangulia kufungua mdomo yeye. Akafanya tena. Brashi akamtazama. Akainamisha kidevu. Kikoromeo kikapanda.

"Sasa niitikie, baba, sema aa," nesi akamwambia, kwa sababu kama chakula kimepita njia mbaya sauti hutoka na maji maji.

"Aa," Brashi akasema.

Ilikuwa sauti kavu, safi, na ilikuwa sauti ya kwanza kumtoka tangu siku ya kiatu. Dada mtu alisema nesi alimtaka airudie, akairudia, na Fundi akiwa bado kwenye magoti hakuangalia juu wala hakulia. Alishika tu mguu wa kile kiti cha hospitali. Daktari akaandika, akasema habari ya kutoboa tumbo tuiache. Wataongeza kijiko kwa kijiko, na mpira utatoka utakapokuwa hauna kazi.

Ulitoka. Nilipopita tena mji ule, baada ya mvua, Brashi alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya mlango. Kutembea hatembei. Hilo nalisema wazi, maana wapo wanaopenda habari ziishe na mtu anakimbia. Mwenyekiti bado anaiomba ile miguu, na Fundi anaitikia amina kwa moyo wote. Lakini nilimuuliza kama hasikitiki kwamba aliomba kikubwa akapewa kidogo, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kidogo kipi, Babu?"

Tangu hapo nikila kwenye vizingiti vya watu huwa natulia kidogo kabla ya tonge la kwanza kushuka. Wengine hudhani nimekuta mfupa.

Jioni ile walikuwa wanakunywa chai. Ya Brashi ilikuwa imetiwa unga kidogo ili iwe nzito, isimkimbie koo. Fundi alichota kijiko, akampa, akaangalia kikoromeo, na kilipopanda akasema, "Asante Bwana." Akachota kingine, akampa, akaangalia. "Asante Bwana."

"Wifi, kwa mwendo huo kikombe kitaisha kesho," dada mtu alisema. "Shukuru mara moja kwa jumla."

"Hajameza kwa jumla."

"Chai imeshakuwa baridi."

"Basi tutashukuru kwa baridi."

Brashi alikuwa ameshafungua mdomo anangoja. Akagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto.

"Subiri na wewe," Fundi akamwambia, kijiko kikiwa hewani. "Sijamaliza kushukuru kwa kile kilichopita."

Hakusubiri. Aliinyoosha shingo, akakifuata kijiko mwenyewe.