Bosi wangu Singasinga aliyeukana utajiri wake Matrah, na mimi niliyemshitaki kwa uchawi

Wakuu, kwa umri wangu humu ndani sina wa kumwamkia, kwa hiyo nawaitikia wote kwa mpigo: marahaba.

Nina miaka themanini kasoro kidogo. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti, na ndiye aliyenikataza kuandika aya ndefu, eti vijana hawasomi. Haya, nakata aya.

Ninayosimulia sikuwahi kumwambia marehemu mke wangu wala watoto. Atakayesema hii ni chai, ainywe. Mimi nilikuwepo, na mdomo uliosema maneno yale ni huu wangu.

Nilifika Maskati mwaka 1965 na mama yangu, tukitokea Unguja baada ya yale yaliyotokea. Baba hakufika. Huko sitaingia.

Mkisikia Maskati najua mnawaza majumba ya Qurum na magari yanayong'aa. Futeni hiyo picha. Bawshar ilikuwa mashamba ya mitende, Sib ilikuwa wavuvi na papa wakavu, na ukitoka Matrah, mji wa bandari tulikokaa sisi, kwenda huko kwa gari, ulishuka mgongo ukiuma siku mbili.

Kila kitu kilikuwa kwa ruhusa. Kuingiza gari ruhusa, kujenga ruhusa. Sisi tuliotoka Afrika, hata kukaa kwenyewe kulikuwa kwa ruhusa. Ilibidi uwe na mtu mzito wa kukudhamini, na mdhamini akijitoa, unafungasha.

Sasa sisi tungefungasha twende wapi? Kurudi Unguja kulikuwa hakuna. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniendesha katika yote yanayofuata.

Mdhamini wetu alikuwa Bwana Kartar. Singasinga, wengine mnasema Kalasinga, mwenye kilemba, ndevu na bangili ya chuma mkononi. Alizaliwa Unguja kama mimi, Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe kabisa. Alituzidi tu kwa kuwahi kufika Matrah na kufungua karakana.

Tulitengeneza pampu za maji za dizeli. Wenye mashamba ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuacha kuteka maji kwa ng'ombe, kwa hiyo kazi ilimiminika kutoka Sib hadi Bawshar. Alikuwa na karakana, ghala la vipuri, nyumba ya ghorofa na gari mbili zenye ruhusa. Enzi hizo huyo ni tajiri, msibishane nami.

Mafundi tulikuwa watatu, mimi na Mabulushi wawili waliotoka ng'ambo ya bahari. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona najua kila kitu.

Mwaka 1968 mkewe alifariki, na Bwana Kartar akabadilika.

Alianza na chakula. Kila Ijumaa tukitoka kuswali alikuwa ametupikia mwenyewe dengu na chapati. Tunakaa chini kwenye jamvi, safu moja, bosi, mafundi, hamali, na yeyote aliyepita mlangoni. Alisema kwao ndivyo ibada ilivyo, hakuna wa juu wala wa chini. Sisi tulikula, chapati zake zilikuwa laini mno.

Halafu akaacha kuvaa saa. Akahama ghorofani, akaweka kitanda cha kamba ghalani kati ya mikanda ya mashine. Ile nyumba akaipa familia ya hamali wake, yenye watoto saba.

Ijumaa moja tukiwa kwenye jamvi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi, kwamba mwaka ukiisha karakana haitakuwa yake. Mali imemkalia moyoni na anataka kuitoa.

Wenzangu hawakuelewa Kiswahili. Mimi nilielewa, nikarudisha tonge sahanini.

"Bwana Kartar, na dhamana yetu mimi na mama?"

"Mungu yupo, Salim. Kula."

Basi. Nadhani kama angeniongezea sentensi moja tu, uzi huu usingekuwepo.

Wiki ile sikulala vizuri. Nikikaza nati nawaza meli. Nikimwangalia mama anachambua mchele nawaza meli.

Ijumaa iliyofuata nilinyanyuka mapema kwenye chakula kwenda kunawa. Nikamwona Bwana Kartar amechuchumaa mlangoni tulipovua viatu. Ameshika ndara zangu mkononi. Anazifuta kwa kitambaa, taratibu, moja moja. Kisha akagusa vumbi lililobaki kwenye kitambaa, akalipeleka kwenye paji la uso wake na kufumba macho.

Wakuu, wa pwani mmeshashtuka. Wa bara niwaeleze kidogo. Kwetu, mtu akichukua vumbi la unyayo wako hafanyi mchezo, anakuroga. Mtoto wa Unguja anafundishwa hilo kabla hajajua kusoma.

Nilirudi kwenye jamvi. Sikula tena.

Siku mbili baadaye nikakanyaga msumari karakanani. Mguu ukavimba hadi kwenye kifundo. Nilipomsimulia mama, aliangusha ungo.

"Kachukua unyayo wako yule! Mwanangu, nnakwambia, kakuchukua! Na mguu ndo huo!"

"Mama, ni msumari."

"Na msumari kauleta nani?"

Nikainuka kuchemsha maji ya chumvi ya kuuosha mguu.

Sasa niwe mkweli, maana ndilo lililonileta hapa. Uchawi niliuamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa hesabu yangu mwenyewe. Niliwaza hivi: nikipeleka habari kwa wakubwa, watamwita, watamtisha, ataogopa, ataacha mambo yake ya kugawa mali na kurudi kwenye kazi kama zamani. Dhamana yangu itabaki. Nilitaka atishwe kidogo tu.

Nilikwenda nachechemea hadi kwenye barza, yaani baraza la liwali. Karani akaandika: Singasinga anakusanya vumbi la viatu vya Waislamu na kulifanyia mambo. Nikatia saini. Nchi ile neno sihiri halikuwa la kutaniwa, watu walikuwa wanaliogopa kwelikweli. Nililijua hilo na nikatia saini.

Njiani kurudi ndipo akili iliponijia. Wakimtia hatiani watamfukuza. Akifukuzwa, dhamana inakwenda naye. Nimejikatia mwenyewe tawi nililokalia, na mama yangu yuko juu yake.

Niligeuka mbio na mguu wangu mbovu. Karani akaniambia karatasi imeshapelekwa ndani.

Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri, askari wakaja karakanani kumchukua. Na yeye, bila kuhangaika, akafuta mikono mafuta, akaniambia, "Salim, twende. Kiarabu changu cha sokoni hakitoshi kwa kadhi. Wewe utanitafsiria."

Nilitamani nipotee. Lakini ningesema nini? Nikaenda.

Chumba kilikuwa kidogo. Kadhi mzee kwenye zulia, karatasi mbele yake, askari mlangoni. Bwana Kartar akavua viatu, akakaa chini. Mimi nikakaa katikati yao, jasho linanitoka hadi kwenye nyusi.

Kadhi aliniuliza jina langu, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Nikajua ameshajua.

Akasema kwa Kiarabu, pole pole, "Kabla ya yote, mwambie mtu huyu aliyemshitaki ni nani. Ni haki yake."

Bwana Kartar ananitazama, anasubiri.

Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiswahili, "Anasema kuna mtu wa pale karakanani kakushitaki kwa uchawi."

Mtu wa pale karakanani. Wakuu, nimeyarudia maneno hayo kichwani zaidi ya miaka hamsini.

Bwana Kartar akatikisa kichwa kidogo. Akaanza kujibu, na mimi nikatafsiri, safari hii kila neno, maana kilichobaki cha kumwokoa kilikuwa ulimi wangu.

Alisema: "Kwetu, kwenye nyumba kubwa za ibada, watu huvua viatu mlangoni. Tajiri akiona kiburi kimemjaa, huenda akakaa pale mlangoni akavipokea viatu vya watu na kuvifuta. Vumbi la miguu ya waja wa Mungu hulitia usoni, ili ajue yeye ni nani. Mke wangu aliniomba miaka mingi nifanye hivyo, nikimwambia sina nafasi, nna pampu za watu. Kafa nikiwa na pampu za watu. Hapa hakuna nyumba yetu ya ibada. Waja wa Mungu nnaowajua hapa ni hawa wanaokula na mimi Ijumaa."

Kadhi, aliyekwisha kusikia habari za kugawa mali, akauliza, basi mbona hajaenda zake jangwani akawa fakiri?

"Dini yetu haituruhusu kukimbia watu," akasema. "Mtu afanye kazi kwa mikono yake, ale na wenzake, amtaje Mungu. Karakana nawaachia mafundi. Mimi ntabaki pale pale, fundi kama wao, wakinitaka."

Nikakwama. Sikuweza kutafsiri mara moja.

Kumbe hakuwa anaondoka. Kumbe dhamana isingeyumba hata kidogo. Na karakana alikuwa anatuachia sisi!

Kadhi akanihimiza. Nikatafsiri.

Kisha Bwana Kartar akaongeza, bila kuulizwa: "Na huyo aliyenishitaki, mwambie kadhi asimwadhibu. Kaogopa tu. Mtu aliyekwisha fukuzwa mara moja huogopa kila mlango."

Mnaelewa nilipokuwa? Nilitakiwa kumwombea msamaha mshitaki, kwa mdomo wangu, kwa mtu anayejua mshitaki ni mimi.

Nikatafsiri. Machozi yalinitoka, nikajifanya ni jasho.

Kadhi akanikazia macho. "Umemfikishia yote niliyosema mwanzo?"

"Naam," nikamjibu.

Nilimwongopea kadhi, mchana, ana kwa ana. Hakuniumbua. Alishusha macho kwenye karatasi yake na kuandika kwamba haoni sihiri.

Laiti ingeishia pale. Lakini jambo likishafika juu halirudi lilipotoka. Wakubwa wengine wakaona mgeni anayegawa mali kwa mahamali na kukusanya watu kwenye jamvi ni mtu wa kuleta fujo. Ikatoka amri apande meli ya kwanza ya kwenda Bombay. Alipewa siku nne.

Siku mbili za kwanza alizitumia kwa ajili yetu. Alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Matrah, wakaandikishana: yule bwana achukue dhamana yangu na ya mama, na karakana iendeshwe na sisi mafundi watatu. Siku ya tatu alimaliza pampu ya mtu wa Bawshar, kwa sababu alishaahidi. Siku ya nne alifunga kitabu chake cha sala, nguo mbili na kikombe cha shaba.

Hicho ndicho alichotoka nacho Omani.

Nilimsindikiza hadi ufukweni, mashua ya kumpeleka melini inasubiri. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno ya kukiri. Nilisema, "Bwana Kartar, kuna jambo..." na badala ya kumalizia nikainama kumwinulia furushi lake.

Alinishika bega. Mkono wake ulikuwa bado una mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Salim, Kiarabu changu kibovu," akasema, "lakini si kibovu kiasi hicho."

Akapanda mashua. Hakugeuka.

Alielewa, wakuu. Kadhi alipotamka yale maneno ya kwanza, alielewa. Alinisikia ninavyoyageuza kuficha jina langu, na bado akaniombea nisiadhibiwe.

Nilipomweleza mama, alirudi kwenye ungo wake akachambua mchele hadi magharibi. Mguu wangu ulikuwa umeshapona, kwa maji ya chumvi.

Mwaka 1970 akaingia sultani mpya na nchi ikafunguka, kila shamba likataka pampu. Wale wenzangu wawili baadaye walirudi kwao, nikanunua mafungu yao. Nikafungua tawi Sib, kisha mengine. Leo nina nyumba Qurum, na watu wananiita mzee wa heri. Kila Ramadhani nagawa futari na nasifiwa.

Bwana Kartar sikumwandikia hata barua moja. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Sasa atakuwa amekufa zamani.

Funzo? Miaka yote nilidhani kuacha mali ni kwenda mbali na watu. Yule aliiacha huku amebaki katikati yetu, na ndiyo maana tulimwogopa. Mtu asiyetaka kitu kutoka kwako anatisha kuliko anayekudai, hasa kama wewe una unachokitaka kutoka kwake. Na hofu, ukiiachia ikushikie kalamu, itatia saini kwa jina lako.

Yeye aliitoa mali ile mwenyewe, kwa moyo mweupe. Mimi nimekaa nayo kwa sentensi moja ya uongo.

Sasa nawaachia uwanja. Naomba mnijibu moja tu: yale maneno ya ufukweni, alikuwa ananisamehe, au alikuwa ananiachia nibebe kosa langu? Mimi nimeshindwa kujua. Wenye busara karibuni, na wenye matusi msijizuie, nimechelewa sana kutukanwa.